Mpira wa Maveterani: Tuonane Kabla ya Uvumi

Mazungumzo ya redio juu ya amani, Kisangani. Yamechapwa kwa ajili ya familia za wahami wa vita, wakubwa wa mitaa na vikundi vya wasikilizaji.

 

Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mkaaji wa Kisangani amekiona kwa macho yake, na wengi wamekicheka: mpira wa maveterani. Najua yupo anayesema, “Watu tumechomewa nyumba, na huyu anatuletea maneno ya mpira.” Ndugu yangu, neno lako ni la haki, na nitalijibu kabla ya kumaliza. Ninaomba tu unisikilize kwanza.

MAVETERANI NI NANI?

Hapa kwetu tukisema maveterani, hatusemi askari wa vita vya zamani. Tunasema wababa waliovuka miaka 35 au 40, waliocheza mpira ujanani, na ambao hawakukubali kuuacha. Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, pita Mangobo, pita Kabondo, pita Tshopo: utawakuta kwenye uwanja wa shule au wa parokia. Magoti yanauma, tumbo limetangulia, mpira umekwenda mbele na mwenyewe amebaki nyuma. Watoto waliokaa kando wanacheka mpaka machozi. Hata hivyo Jumapili inayofuata wazee walewale wanarudi.

Tazama vizuri walio uwanjani. Yupo mwalimu, yupo polisi, yupo muuzaji wa soko kuu, yupo mwendesha toleka, yupo mvuvi, yupo munganga wa hospitali. Aliyekuwa mshabiki mkali wa Malekesa anampasia mpira aliyekuwa mshabiki mkali wa Nika, watu ambao zamani, siku ya mchezo kwenye uwanja wa Lumumba, hawakuweza hata kusalimiana. Na hakuna anayemwuliza mwenzake kabila lake kabla ya kumpa mpira.

Timu ya namna hii ina prezida wake, mwandishi wake na mtunza mfuko wake. Kila mmoja anatoa mchango mdogo. Mchango ule unanunua mpira, maji, na dawa ya kupaka magoti. Lakini sehemu kubwa inangojea siku ya ugonjwa na siku ya matanga. Mwenzao akifiwa, timu nzima inafika, inakaa, inalala pale kama desturi inavyotaka, na inatoa kilichomo mfukoni. Wamama wanaijua kazi hii vizuri zaidi kuliko sisi, kwa sababu likelemba yao inafuata njia hiyohiyo.

Halafu kuna msimu wa kutembeleana. Timu moja inaiandikia nyingine barua: tarehe fulani tutafika kwenu. Wenyeji wanakata majani ya uwanja na kuchora mistari kwa majivu. Wamama wanapika lituma, pondu na samaki. Mchezo ukimalizika, wote wanakaa chini ya mti mmoja. Wenyeji wanasema neno la kupokea, wageni wanajibu. Na kabla ya kuachana wanapanga siku ya kurudishiana. Wageni wasipowaalika wenyeji, ni deni, na deni hilo litasemwa mbele ya watu.

Wandugu, nawaomba mshike neno hilo, kurudishiana. Mchezo mmoja ni furaha ya siku moja. Msimu wa kutembeleana unamlazimisha mtu kufika kwa mwenzake, aone mlango wake na watoto wake, na kisha ampokee mwenzake kwake. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulifikiri leo.

MJI ULIOZOEA KUKAA PAMOJA

Kisangani ilianza mwaka 1883 kama kituo kidogo karibu na maporomoko, mahali ambapo Wagenia walikuwa wakivua samaki tangu zamani. Mji ulikusanya watu wa kila upande: Walokele, Wakumu, Watopoke, Waturumbu, Wambole, Walengola, na wengine kutoka mbali zaidi. Mji una komuni sita, na hakuna hata moja iliyo ya kabila moja.

Mji huu umeona mateso. Wazee wanakumbuka mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba. Wanakumbuka mwaka 1967, wakati mamluki walipoasi. Na wengi wetu tunakumbuka majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yaliyopigana ndani ya mji wetu mara tatu: Agosti 1999, Mei 2000, na tena kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, siku zile tunazoziita vita vya siku sita. Mamia ya raia walikufa. Mabomu yalianguka Tshopo, Makiso, Mangobo, wala hayakuchagua kabila. Fahali wawili walipigana, na nyasi tulikuwa sisi.

Lakini kumbukeni jambo moja la siku zile. Tulizika pamoja. Jirani alimzika jirani katika uwanja wa nyumba yake, bila kuuliza alitoka kijiji gani. Vita vile vililetwa na wageni, na sisi tulibaki wakaaji wa mji mmoja.

Jambo lililotufikia mwaka 2023 lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu halikutoka nje. Tangu Februari mwaka ule, mzozo wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na ndugu zetu Walengola uligeuka damu katika komuni ya Lubunga, ukafika hata vijiji vya Ubundu na Opala. Watu waliuawa. Nyumba zilichomwa. Maelfu ya familia zilivuka mto kwa mitumbwi zikiwa na watoto, sufuria na godoro moja. Walilala madarasani, makanisani, kwa jamaa. Hao ni watu waliokuwa wakilima jirani, wakioleana, wakisomesha watoto katika shule moja.

MTO UNAPOKUWA UKUTA

Kila mkaaji anajua namna mji wetu ulivyo. Komuni tano ziko upande wa kulia wa mto Kongo, na Lubunga peke yake iko upande wa kushoto. Hapa kwetu hakuna daraja juu ya mto huu mkubwa. Anayekwenda Lubunga anavuka kwa mtumbwi au kwa kivuko. Kule ndiko inakoanza reli ya kilomita 125 iendayo Ubundu, iliyojengwa kwa sababu maporomoko yanazuia mashua.

Wakati wa amani, mto ni barabara. Asubuhi mihogo, ndizi na makala vinavuka kuja sokoni, jioni chumvi na sabuni vinarudi. Wakati wa woga, mto unakuwa ukuta. Aliye upande huu haoni kinachofanyika upande ule. Anaona moshi, hajui kama ni nyumba inayoungua au ni mtu anayechoma shamba. Anabaki kungojea habari. Na habari inayovuka mto usiku huongezewa maneno katikati ya maji.

Tuchukue mfano. Nasema mfano, siwasimulii jambo lililotokea kwa mtu fulani. Tuseme yupo baba mmoja Mumbole anayekaa na familia yake kwa jamaa huko Kabondo. Jumanne usiku kijana anafika akipumua kwa nguvu: “Walengola wamekusanyika. Kesho wanashambulia.” Wakati uleule, ng'ambo, baba mmoja Mulengola anaambiwa: “Wambole wamekusanyika. Kesho wanavuka.” Vijana wa huku wanatafuta mapanga ili wajikinge. Vijana wa kule wanatafuta mishale ili wajikinge. Kila mmoja anamwona mwenzake akijiandaa, na anasema: “Kweli, habari ilikuwa sahihi.” Namna hiyo uongo mmoja unazaa vita vya kweli, na kila upande unaapa kwamba haukuanza.

Sasa tuseme wale wababa wawili wamekuwa wakicheza mpira pamoja tangu miezi sita. Mmoja ni golikipa, mwingine ni beki wake. Mmoja alifika kwenye matanga ya mama wa mwenzake. Namba ya simu anayo. Kabla ya kuamini habari ya usiku, atafanya jambo jepesi: atapiga simu. “Ndugu, nasikia mmekusanyika.” Na mwenzake atajibu: “Sisi? Tuko kwenye matanga ya mzee wa kanisa. Na ninyi, nasikia mnavuka?” “Tunavuka na nini, usiku huu? Mimi niko kitandani.” Dakika mbili, na krediti kidogo ya simu. Asubuhi kila mmoja atamwendea shefu wa kata yake na kusema alichosikia kwa kinywa cha mtu anayemjua.

Simu hiyo haiwezi kupigwa na watu wasiojuana. Hata ukigawa simu elfu moja, mtu hatampigia mgeni saa nne ya usiku kumwuliza kama anakuja kumwua. Kwanza lazima wawe wamekula pamoja. Ndiyo maana nasema tuonane kabla ya uvumi, maana ukishafika, kutafuta mtu wa kumwamini ni kuchelewa.

JE, MPIRA UNATOSHA?

Hautoshi. Tusidanganyane.

Wapenzi wa mpira wanakumbuka Didier Drogba wa Côte d'Ivoire. Nchi yake ilikuwa imegawanyika kwa vita tangu 2002, waasi kaskazini, serikali kusini. Oktoba 2005, timu yao ilipopata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera na kuwaomba wananchi waweke silaha chini. Machi 2007 wakubwa wa pande mbili walitia sahihi mapatano. Juni ya mwaka ule timu ya taifa ilicheza Bouaké, mji wa waasi, ikaifunga Madagascar mabao matano kwa bila. Watu wa kusini na wa kaskazini walishangilia pamoja. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini baada ya uchaguzi wa 2010, vita vilirudi, na watu wengi wakafa.

Hata Leopards wetu, Februari 2024 huko Abidjan, kabla ya mchezo wa nusu fainali, walifunika midomo kwa mkono na kuelekeza vidole kichwani kama bunduki, ili dunia ione mateso ya mashariki ya Kongo. Dunia iliona. Bunduki hazikunyamaza.

Tunajifunza nini? Mchezo wa siku moja, hata ukiwa mkubwa namna gani, unafungua mlango tu. Kuingia ni kazi nyingine. Swali la ardhi litakatwa na wakubwa wa ardhi, na serikali, na mahakama, kwa karatasi na kwa ushuhuda wa wazee wanaojua mipaka. Swali la waliouawa ni la haki. Aliyechoma na aliyeua hawezi kusafishwa kwa kufunga goli. Mpira wa maveterani hauchukui nafasi ya hayo yote. Unatengeneza watu watakaoweza kukaa katika mkutano wa ardhi bila kila mmoja kuficha kisu mgongoni.

Sasa nalijibu neno la ndugu yule wa mwanzo. Mtu aliyemzika mtoto wake hana deni la kucheza na mtu yeyote. Asilazimishwe. Asiambiwe kwamba akikataa ni adui wa amani. Akitaka kukaa kando na kutazama, apewe kiti. Akitaka kubaki nyumbani, aachwe, na timu imtembelee bila mpira, kwa heshima tu, kama watu wanavyofika kwenye matanga. Wapo watakaohitaji miaka. Lakini wapo pia, nao ni wengi, ambao mioyo yao imeshachoka na woga, wanaotafuta njia ya kuonana na jirani wa zamani na hawajui waanzie wapi. Kwa hao, uwanja unaweza kuwa mahali pa kuanzia.

SHERIA MBILI ZA MCHEZO MWINGINE

Wazee wa mahali pengine wanacheza mchezo unaoitwa gofu. Hata katika nchi yetu unachezwa, Kinshasa na Lubumbashi, na kwa majirani unachezwa Nairobi na Entebbe. Ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo, na anayetumia mapigo machache ndiye mshindi. Wazee wanaupenda kwa sababu hauna mbio. Wanajiunga, wanapanga msimu, wanatembeleana kutoka uwanja hadi uwanja, kama maveterani wetu. Wengi wenu hamtaucheza kamwe, lakini una sheria mbili zinazotufaa.

Sheria ya kwanza: mchezaji dhaifu anahesabiwa nafuu. Kabla ya kuanza, nguvu ya kila mmoja inajulikana, na aliye dhaifu anapunguziwa idadi fulani ya mapigo. Kwa hiyo mzee mwenye mgongo mbovu anaweza kushindana na mwenye nguvu, na hakuna anayesema ni wizi. Hawamwonei huruma. Wanafanya hivyo ili mchezo uwe wa kweli kwa wote wawili.

Sheria ya pili: katika mashindano, hesabu ya mapigo yako anaiandika mwenzako. Wewe unaandika yake. Mwishoni wote wawili wanatia sahihi. Yule unayetaka kumshinda ndiye shahidi wako.

Tulete sheria hizi kwetu. Familia ya wahami wa vita imepoteza shamba, mbuzi, mashine ya kushona, baiskeli. Ukimwambia baba wa familia hiyo alete mchango sawa na mwenye duka, umemfukuza kwa adabu. Msimu wa kwanza ahesabiwe nafuu: acheze bila mchango, viatu vitafutwe, na wamama wa familia yake wasiombwe chakula wasichokuwa nacho. Na mfuko? Daftari lake liandikwe na mtu wa upande mmoja, lisomwe kwa sauti na mtu wa upande wa pili, na wote wawili watie sahihi mbele ya timu. Timu ikishazoea kuandikiana hesabu ya franki, inajifunza kuaminiana katika mambo yaliyo mazito kuliko franki.

NAMNA YA KUANZA

Wakubwa wa mitaa na maprezida wa timu, sasa nasema nanyi. Haya ni mambo manane ya kufanya.

Kwanza, tafuteni waliokuwa wakicheza. Kati ya wahami wa vita wapo maveterani wa Lubunga waliokuwa na timu zao kabla ya 2023. Andikeni majina yao. Waulizeni kwa siri, mmoja mmoja, kama wako tayari. Msiwaulize mbele ya watu, kwa maana mbele ya watu mtu hujibu kwa woga.

Pili, ombeni ruhusa. Shefu wa kata, mkuu wa komuni na polisi wajue siku, saa na idadi ya watu. Kundi la wababa 30 linalovuka mto bila habari, hata likiwa na mpira mkononi, linaweza kuwa uvumi mwingine.

Tatu, msipange kamwe Wambole upande mmoja na Walengola upande mwingine. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote. Goli moja la ubishi, na mmerudi nyuma. Changanyeni. Ahesabu mtu, moja, mbili, moja, mbili, na wote wenye namba moja wawe timu. Kila timu iwe na Wambole, Walengola, Walokele, Wagenia, Wakumu. Ugomvi ukitokea, uwe wa mashati mekundu na mashati meupe.

Nne, refa atoke katika jamii ya tatu, na awe mtu ambaye wote wanamheshimu. Neno lake lisibishwe. Anayebisha atoke nje dakika kumi, hata akiwa prezida.

Tano, uwanja wa kwanza uwe upande wa kulia, mahali pasipokumbusha damu. Mchezo wa pili na wa tatu vilevile. Baadaye, wakubwa wa pande zote wakiona mioyo imetulia na usalama upo, timu ivuke kwenda Lubunga asubuhi, icheze, ile, na kurudi kabla ya giza. Kwa baba ambaye hajakanyaga Lubunga tangu alipokimbia, huo unaweza kuwa mvuko wake wa kwanza. Avuke pamoja na watu watakaorudi naye.

Sita, lotoko na pombe yoyote visionekane uwanjani. Najua wazee wanapenda kuburudisha koo baada ya mchezo. Lakini maneno ambayo mtu ameyafunga moyoni miaka miwili, glasi moja inayafungua yote kwa mara moja. Maji, chai na matunda yanatosha.

Saba, uwanjani kusizungumzwe ardhi wala siasa, na mgombea wa uchaguzi asigawe mashati. Lakini malalamiko yasizibwe. Chagueni wazee wawili, mmoja wa kila upande, wa kupokea maneno ya watu baada ya mchezo na kuyapeleka kwa wakubwa wanaohusika. Jibu lirudishwe mchezo unaofuata, hata kama jibu ni kwamba bado.

Nane, angalieni afya. Hawa ni wazee. Wapashe miili moto kwanza, wacheze dakika 30 mara mbili, wanywe maji, na mwenye ugonjwa wa moyo au wa presha akae kiti cha mwalimu wa timu. Tunataka kupunguza matanga, hatutaki kuyaongeza.

NENO KWA WAMAMA NA VIJANA

Wamama, msifikiri kazi yenu ni chungu tu. Siku ya kutembeleana, wapishi watoke pande zote mbili na wapike kwenye moto mmoja. Anayekata pondu pamoja na mwenzake tangu alfajiri atasikia mambo ambayo mzee hatayasema mbele ya wanaume. Mkiona inafaa, anzisheni likelemba moja ya wamama wa uwanjani, kwa kiasi kidogo kabisa. Zamu ikifika kwa mama wa upande wa pili, na akapewa fedha zote bila kupungua hata franki moja, atalisimulia jambo lile kwa miezi.

Vijana, mnawacheka wazee kwa mpira wao mzito, na mna haki. Lakini ninyi ndio mnaoitwa wa kwanza wakati panga linapotafutwa. Mkimwona baba yako akikumbatiana na mtu uliyeambiwa ni adui, mwulize usiku: “Baba, huyu ni nani?” Na wewe baba, jibu vizuri. Mwambie mtoto jina la mtu yule, kazi yake, na nafasi anayocheza. Mtoto akishajua jina, itakuwa vigumu kumfundisha kuchukia.

KUMALIZIA

Wandugu wapenzi, sisemi kwamba msimu mmoja wa maveterani utarudisha nyumba zilizoungua. Wapo waliokwisha kurudi mashambani, wapo ambao bado wanaogopa hata kuitazama ng'ambo. Kila mmoja ana mwendo wake. Ninachosema ni kwamba siku ya kurudi itafika ikiwa kuna mtu upande wa pili anayekungojea kwa jina. Mtu huyo hapatikani siku ile ile. Anatafutwa mapema, Jumapili baada ya Jumapili, kwa mpira, kwa sahani ya lituma, kwa kufika kwenye matanga yake.

Wazee walisema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Jirani wa Mumbole ni Mulengola, na jirani wa Mulengola ni Mumbole. Hakuna atakayehama na mto wake.

 Amani ikae nanyi na nyumba zenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wenu kuna timu ya maveterani? Ina watu wa makabila gani, na nani hayumo?

2. Kumbukeni uvumi mmoja uliowahi kuwatisha. Ulifika kwa njia gani? Nani angeweza kuwaambia ukweli?

3. Mtu aliyefiwa katika ghasia anakataa kuonana na watu wa upande wa pili. Tumheshimu namna gani?

4. Familia za wahami wa vita zilizo kwenu zihesabiwe nafuu katika mambo gani, ili zishiriki bila aibu?

5. Mkubwa wa mtaa, ukiombwa ruhusa ya mchezo wa kutembeleana mwezi ujao, utaweka masharti gani ya usalama?